Nani Aliishona Ile Jezi ya Bluu?

Nimesonya, ndiyo. Na mkinichokoza nitasonya tena, kwa sauti, mpaka mama wa vitumbua ng'ambo ya barabara ageuke.

Dogo wa watu katoka Kariakoo kununua jezi. Kaivaa hukohuko, shati lake kalitia kwapani, kaja moja kwa moja kijiweni tumwone. Jezi ya bluu, namba 10 ya rangi ya fedha mgongoni, nembo ya Argentina kifuani. Hajakalia benchi, jamaa yetu wa kwenye bao, kete mkononi, uso hajanyanyua, kamtupia neno: "Umepigwa, mwanangu. Argentina ni mistari." Benchi zima likaangua kicheko. Dogo akashusha mabega, akaanza kuivutavuta ile jezi kwa chini kama mtu aliyekuja msibani na nguo ya harusi.

Ndipo niliposonya.

Kaa hapa, dogo. Hujapigwa. Hiyo uliyovaa ni jezi ambayo Argentina waliivaa mara moja tu. Mara moja! Mechi moja, mchana mmoja, ikavuliwa, na timu ikarudi kwenye mistari yake. Na hawa wanaokucheka, kila mmoja wao hapa anajua kusimulia goli la mkono la Maradona, na lile la pili la kuwapanga Waingereza mstari. Yupo mmoja, simtaji, husimama kabisa akatuonyesha kwa kiuno jinsi walivyogeuzwa. Miaka yote ninamwangalia akicheza lile goli hapa barabarani, hata siku moja hajawahi kusema mfungaji alikuwa kavaa nini.

Muuza kahawa, zungusha basi. Hii haisimuliwi na kikombe kitupu.

Wazee wenzangu siwalaumu sana. Mwaka 1986, magoli hayo yalipofungwa, huku Tanzania Bara kituo cha televisheni hatukuwa nacho. Hicho tulikuja kukipata 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa wanatazama picha za rangi tangu miaka ya sabini, lakini kwetu mpira uliingia kwa sikio. Ilikuwa Jumapili, tarehe 22 Juni. Mechi hiyo ya Kombe la Dunia imeanza saa sita mchana kule Mexico City, kwetu saa tatu usiku, watoto tumeshaambiwa tukalale mara mbili. Na redio haina rangi. Ukiambiwa Maradona kauchukua mpira, wewe mwenyewe kichwani unamvika jezi unayoijua, na tuliyoijua ni ya mistari, samawati na nyeupe. Kwa hiyo vichwani mwetu Mwingereza alifungwa na mistari. Nilikuwa mtu mzima nilipoiona picha yenyewe ya rangi, nikashtuka: bluu? Hii imetoka wapi?

Imetoka sokoni. Ndiyo maana nasema mnisikilize.

Rudini nyuma siku sita. Tarehe 16 Juni, mjini Puebla, hatua ya 16 bora, Argentina wamekutana na Uruguay, majirani wanaotazamana kwenye mdomo wa mto mmoja. Uruguay jezi yao ni samawati. Ukiwapambanisha na mistari ya samawati, refa atapuliza filimbi asijue anampulizia nani. Basi Argentina wakatoa jezi yao ya pili, ya bluu, waliyokuja nayo kutoka kwa watengenezaji wao, Le Coq Sportif wa Ufaransa. Walishinda 1-0, goli la Pedro Pasculli. Lakini mvua ilinyesha, na jezi ile ilikuwa ya pamba. Nani hapa hajawahi kufua fulana ya pamba kwa mkono? Inakunywa maji mpaka unaikamua mara tatu bado inatiririka. Mchezaji akalowa mvua na jasho, akajikuta anakimbia huku kabeba ndoo.

Ile ya mistari haikuwa hivyo. Ilifumwa nyepesi, ina vitundu, hewa inapita. Walioitengeneza waliifikiria. Ya bluu hakuna aliyeihangaikia, kwa kuwa ni ya akiba, na wanaotengeneza vitu huwa wanaamini kwamba cha akiba hakitaitwa.

Kikaitwa. Robo fainali ikaangukia kwa Uingereza, na Mwingereza ni mweupe kuanzia kola. Mistari yenye nyeupe ndani yake haitatofautiana naye. Bluu tena. Safari hii uwanja wa Azteca, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, saa sita mchana, jua la utosini, kwa sababu televisheni za Ulaya zilitaka mpira uwafikie jioni. Kocha Carlos Bilardo alikuwa daktari wa kusomea, kwa hiyo hakuhitaji mtu amweleze mwili unafanya nini kwenye joto namna ile na hewa haba, huku umefungwa ndani ya pamba iliyolowa. Wakawauliza watengenezaji: mnaweza kutupa nyingine nyepesi? Muda hautoshi. Inasimuliwa kwamba mzee mwenyewe alishika mkasi akaanza kuzitoboa zile jezi vitundu.

Mkasi! Kocha wa timu ya taifa, kwenye Kombe la Dunia, anatoboa jezi kwa mkasi. Mnacheka nini? Mimi sichekeshwi. Kila aliyewahi kubeba mfuko wa vifaa wa timu ya mtaa anaijua ile saa. Mechi kesho, jezi hazitoshi, zilizopo mbili zimechanika kwapani, na wote wanakutazama wewe.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa wakubwa kuumbuliwa na jezi ya pili. Hao hao Argentina, mwaka 1958 kule Sweden, walikutana na Ujerumani Magharibi mjini Malmö, rangi zikagongana, ikabidi waazime jezi za njano za klabu ya pale pale mjini, IFK Malmö. Wakachapwa 3-1 wakiwa na nguo ya watu. Mwaka 1978, Kombe likiwa kwao, ikawa zamu ya Ufaransa na Hungary. Mnajua wakati ule televisheni nyingi duniani zilikuwa bado za nyeusi na nyeupe, kwa hiyo bluu ya Mfaransa na nyekundu ya Mhungari kwenye kioo ni kijivu kimoja. Lazima mmoja avae iliyopauka. Siku ya mechi, Mar del Plata, wote wawili wakatokea na nyeupe. Watu wamejaa uwanjani, mpira hauanzi. Wafaransa wakaenda kukopeshwa na klabu ya mji ule inayoitwa Kimberley, jezi za mistari ya kijani na nyeupe, namba za mgongoni zikawa hazilingani na za kwenye bukta. Wakacheza hivyo hivyo, wakashinda 3-1. Michel Platini alikuwa kwenye timu hiyo ya Ufaransa.

Lakini ya kuazima ni ya kuazima. Inarudishwa kwa mwenyewe, ikifuliwa na shukrani. Ya 1986 haikuazimwa.

Kwenye msafara wa Argentina kulikuwa na mtu wa shughuli za ofisini, Rubén Moschella. Huyu ndiye aliyetumwa mjini kutafuta. Mexico City ina mtaa unaitwa Tepito, soko juu ya soko. Mtu wa Kariakoo ukimshusha pale asubuhi, saa nne atakuwa ameshajua bei ya kila kitu. Moschella akazunguka madukani, akarudi kambini na jezi mbili za bluu za mfano. Bilardo akazishika, akazipima mkononi, hakuamua. Maradona akapita. Akaitazama moja, yenye mistari myembamba ya kung'aa ambayo huioni mpaka iguswe na jua, akasema hiyo ndiyo nzuri, hiyo ndiyo watakayomfungia Mwingereza. Shauri likaisha hapo. Moschella akarudi dukani akanunua 38.

Thelathini na nane, rejareja, kama mtu anayenunulia wanafunzi sare.

Sasa weka hiyo kete chini, jamaa yangu, maana ninapotaka kufika ni hapa.

Jezi imetoka dukani. Haina nembo ya chama cha mpira cha Argentina. Haina namba. Ni bluu tupu yenye jogoo wa mtengenezaji. Na mechi imeshakaribia. Argentina walikuwa wamepiga kambi kwenye viwanja vya Club América, klabu kubwa ya Mexico City, na kipa wao mmoja wa akiba, Héctor Zelada, alikuwa anadakia klabu hiyo hiyo. Wakawaendea washonaji wa América. Kina mama wa cherehani. Hawa ndio waliokabidhiwa zile jezi, uzi na sindano, wakaambiwa kesho kuna robo fainali.

Nembo waliyoishona ilifuata muundo wa zamani. Ile rasmi ina matawi ya majani yanayoikumbatia. Hii matawi hayamo. Namba hazikuwepo za mpira wa miguu, zikapatikana za mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, za rangi ya fedha, zinametameta. Zikabandikwa kwa pasi, mgongo mmoja baada ya mwingine. Ukiitazama vizuri ile picha ya Maradona karuka na kipa wa Uingereza, Peter Shilton, mkono juu, unaona jezi inayong'aa kama ya mpiga gitaa wa bendi. Ndiyo hiyo. Ng'aring'ari yote ile ni ya kutafutwa kwa haraka.

Mimi mambo haya yananiingia kwa sababu ya mama yangu mkubwa. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga, barazani, na kila msimu wa ndondo jezi za timu ya mtaa wetu zilipita kwake. Fulana zinanunuliwa mtumbani, rangi ikikaribiana inatosha, yeye anakata namba kwenye shuka kuukuu jeupe na kuzishonea. Hakuwa na kielelezo. Alikuwa anakata kwa jicho. Saba yake ilikuwa na kimkia kwa chini, tisa yake ilikuwa na tumbo, na moja aliiwekea kofia na kiatu hata ukiwa mbali huwezi kuikosea. Juzi juzi mwenzetu mmoja kaleta picha ya timu ile, imepauka, nusu ya nyuso hatuzijui tena. Nikaweka kidole: hii saba ni ya mama mkubwa. Hata nikifumbwa macho nikapapasishwa ningeijua.

Kuna mwaka kiongozi mmoja wa timu alimwambia, mama shona tu, tukichukua kombe utapewa chako. Kombe lenyewe lilikuwa mbuzi. Tulimchukua. Mbuzi akachinjwa, supu ikanyweka, picha zikapigwa, na mama mkubwa akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka cherehani ikauzwa. Kwa hiyo mkinisikia nasonya juu ya jezi, jueni kuna msonyo wa miaka arobaini humu ndani.

Mechi yenyewe nisiwarudishie, mnaijua kuliko sala. Watu 114,580 Azteca. Vita vya nchi hizi mbili, vya visiwa vya Malvinas, vilikuwa vimemalizika miaka minne tu nyuma, Waargentina wakavipoteza, na majeraha yalikuwa mabichi. Goli la mkono dakika ya 51, refa Ali Bin Nasser wa Tunisia, Mwafrika mwenzetu, hakuuona ule mkono na akatazama kwa mshika kibendera, kibendera hakikupanda. Dakika nne baadaye lile la kuwapita watu kama wamepandwa shambani. Gary Lineker akarudisha moja dakika ya 81, ikaisha 2-1. Nusu fainali na Ubelgiji, mistari. Fainali na Ujerumani Magharibi, mistari. Bluu ya Tepito haikuvaliwa tena.

Ila moja ilikwenda na mtu.

Steve Hodge, kiungo wa Uingereza. Ndiye yule aliyeubetua mpira kinyumenyume kuelekea kwa kipa wake, Maradona akauwahi kwa ngumi. Mechi ilipokwisha akakutana na Maradona kwenye njia ya kuelekea vyumbani, wakabadilishana jezi. Hodge akaenda nayo kwao, baadaye akaikopesha Makumbusho ya Taifa ya Mpira ya Uingereza, ikakaa kwenye kioo kwa takriban miaka 20. Maradona akafariki Novemba 2020. Aprili 2022 wakatangaza: jezi inapigwa mnada na Sotheby's wa London. Mnada ukafungwa Mei. Pauni 7,142,500.

Dogo, unajua hesabu? Kwa bei ya pauni ya siku ile ni zaidi ya shilingi bilioni 20 za kwetu. Mpaka siku ile hakuna nguo iliyowahi kuvaliwa mchezoni, mchezo wowote duniani, iliyokuwa imefika pesa hizo. Iliivuka jezi ya mchezaji wa zamani wa besiboli wa Marekani, Babe Ruth, na miezi michache tu baadaye ikaja ikavukwa na ya Michael Jordan wa mpira wa kikapu, ya fainali za 1998.

Lakini kabla nyundo haijagonga, kukatokea ugomvi, na huo ugomvi ndio ulionifanya nikae kitako. Dalma, binti yake Maradona, akasema hadharani: hiyo siyo. Baba yangu alibadilisha jezi mapumziko. Aliyompa Hodge ni ya kipindi cha kwanza. Na magoli yote mawili yalifungwa kipindi cha pili! Mnaona uzito wa maneno hayo? Jezi mbili zimetoka duka moja, siku moja, rangi moja, namba moja, jasho la mtu mmoja. Moja imefunga magoli mawili yanayotajwa kuliko yote duniani, nyingine haikufunga kitu. Utazitofautishaje baada ya miaka 36?

Ingekuwa jezi ya kiwandani, usingeweza. Kiwanda kinatoa elfu moja zilizo pacha. Sotheby's wakasema wamewaita wataalamu wa kulinganisha picha. Wakachukua picha za kipindi cha pili, wakazisogeza karibu, wakaziweka kando ya jezi yenyewe. Wakaangalia nembo ilivyokaa. Wakaangalia mistari. Wakaangalia namba zilivyobandikwa. Wakasema ni yenyewe, ya kipindi cha pili, ya magoli.

Nembo ilivyokaa! Namba zilivyobandikwa!

Mmeelewa sasa kwa nini nimesonya? Kilichoitambulisha ile jezi ni mkono wa mshonaji. Ni yule mama aliyeivuta nembo kidogo upande huu, na ile nyingine akaivuta kidogo upande ule, maana usiku umekwenda na bado rundo liko mezani. Ni pasi iliyoishusha namba moja unywele mmoja chini ya mwenzake. Mambo ambayo mkaguzi wa kiwandani angeyaita kasoro na kuitupa jezi kwenye kapu, ndiyo yaliyosimama yakatoa ushahidi. Ni saba ya mama mkubwa kabisa ile. Bilioni 20 zimesimama juu ya kimkia cha saba.

Na sasa tuhesabu waliotajwa. Maradona katajwa, na anastahili. Hodge kapata chake, na simwonei choyo, kaitunza jezi kwa heshima miaka yote ile. Refa Bin Nasser aliuhifadhi mpira wa siku ile, Novemba 2022 ukauzwa London kwa pauni milioni 2. Naye Maradona mwenyewe alimtembelea Tunis mwaka 2015 wakakumbatiana. Moschella aliyezunguka madukani jina lake linasomwa. Zelada jina lake linasomwa. Ukifika kwa walioshona, hadithi inapita mbio: washonaji wa klabu. Kwa mkupuo, kama unavyosema "na wengineo". Kila simulizi ya jezi hii ninayokutana nayo inawapa sentensi moja, na ndani ya sentensi hiyo hawana hata herufi ya kwanza ya majina yao.

Mfyuu!

Jamaa wa bao anataka kusema. Sema, kaka. Unasema bluu ina nuksi? Kwamba Argentina wamechukua Kombe mara tatu, 1978, 1986 na 2022, na fainali zote tatu walikuwa kwenye mistari; na kwamba wakivaa bluu fainali wanalia? Kweli, 1990 Roma walikuwa bluu, wakafungwa 1-0 na Ujerumani Magharibi, penalti ya Andreas Brehme dakika ya 85. Kweli, 2014 Maracanã walikuwa bluu tena, Mario Götze wa Ujerumani akawamaliza dakika ya 113. Lakini 1990 waliingia fainali wachezaji wanne wamefungiwa, Claudio Caniggia akiwa mmoja wao, wakamaliza mechi wakiwa tisa uwanjani. Hapo jezi imekosa nini? Na 1998 Ufaransa, mjini Saint-Étienne, Argentina na Uingereza kwa mara nyingine, bluu kwa mara nyingine, 2-2, penalti, Argentina wakapita. Mbona hiyo huihesabu? Nuksi hukumbukwa siku ya kulia tu.

Tena nikupe ya bluu nyingine, uache kabisa hilo neno. Brazili, 1958, ule ule mwaka Argentina walipovaa za Malmö. Brazili fainali na wenyeji Sweden, wote njano. Brazili wakatakiwa wabadilishe. Na wale walikuwa na kidonda cha rangi: mwaka 1950 walifungwa na Uruguay kwao Maracanã wakiwa na jezi nyeupe, nchi nzima ikaichukia nyeupe mpaka wakaitupa, ndiyo njano ikazaliwa. Sasa unawaambia siku ya fainali wavue tena njano? Viongozi wakaenda madukani kule kule Sweden wakanunua fulana za bluu. Nembo na namba zikabanduliwa kwenye zile za njano, zikashonewa kwenye bluu. Mnaona? Sindano tena, mkesha tena, na safari hii ni wa fainali. Na kiongozi wa msafara, Paulo Machado de Carvalho, akawaambia wachezaji msiogope, bluu ni rangi ya joho la Bikira Maria wa Aparecida, mlinzi wa Brazili. Wakaingia, wakatandika 5-2. Yule kijana wa miaka 17, Pelé, akafunga mawili ndani ya fulana ya dukani yenye nembo iliyohamishwa kwa uzi.

Nyie mnaipenda sana jezi ya kwanza. Hiyo ina sherehe yake ya kuzinduliwa, ina picha, ina mwanamuziki wa kuivaa kabla ya wachezaji. Ya pili inaletwa ndani ya mfuko. Mimi nikiipenda ya pili naipendea hilo: ukiifuatilia unakutana na watu. Ya kwanza nikiifuatilia naishia kwenye nembo ya kampuni. Ya bluu ya 1986 nikiifuatilia nafika mtaa wa Tepito, nafika dukani, nafika kwenye chumba cha cherehani cha klabu ya Mexico, usiku, taa inawaka, na mwanamke anauma uzi kwa meno kuukata, anaitupa jezi kwenye rundo la zilizokwisha, anachukua nyingine. Hajui ipi Maradona ataivaa kipindi cha kwanza na ipi cha pili. Zote anazishona sawa. Sidhani hata alikuwa anaishangilia Argentina. Mexico walikuwa wametolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti siku moja tu kabla ya mechi hii. Fikiria hilo. Nchi yako imeaga jana, na leo kazi ya mikono yako inaingia Azteca mgongoni mwa mgeni.

Kahawa imepoa. Mwaga hiyo, nipe nyingine, na kashata mbili, moja ya dogo.

Hebu simama, dogo, geuka tuione mgongo. Jamani, itazameni. Namba ileile ya fedha. Waliokuuzia walijitahidi, ila sifuri yako imeanza kubanduka hapa kwenye kona, na ukiifua mara mbili itabaki moja peke yake uonekane kipa. Vua. Vua tu, hapa sote ni wanaume, shati lako si unalo kwapani. Mpelekee yule mama fundi wa pale barazani, aliyekaa chini ya mwembe, mwambie aizungushie uzi pembeni. Muulize na jina lake, umekuwa unapita pale tangu shule ya msingi. Na umlipe kabla hajaanza.

...

Umesharudi? Anasemaje?

Anauliza uzi wa rangi gani. Mwambie wa fedha, kama anao. Kama hana, achague yeye.